Kukunjuka kwa Protini: Historia ya Dhana na Msamiati Wake

Utangulizi

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa vitabu vya biolojia na kemia, pamoja na wale wanaotayarisha maelezo ya matumizi ya dawa, ipo moja ambayo huonekana nyepesi kwa sababu kila mtu huiona jikoni. Ute wa yai bichi ni majimaji mazito yanayopitisha mwanga. Ukipata moto huwa mweupe na mgumu. Mwalimu akiulizwa ni jambo gani lililotokea, hujibu kwamba ute umeganda. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwanafunzi huyohuyo atasema kesho kwamba maji yameganda kuwa barafu, damu imeganda juu ya jeraha, na maziwa yameganda kuwa mtindi. Mambo manne yamebebwa na neno moja, na sayansi inatutaka tuyatenganishe.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu walivyofika kwenye maarifa ya kile kinachozipata protini zinapopashwa joto au kutiwa asidi, na kisha kuonyesha kwa nini historia hiyo inatuelekeza kuchagua neno kukunjuka badala ya maneno mengine yanayotumika. Tumechukua njia ya historia kwa kusudi. Istilahi ikichaguliwa kwa kuitazama istilahi ya kigeni peke yake, hurithi makosa ya lugha ile. Ikichaguliwa kwa kuitazama dhana ilivyokua, huweza kuwa bora kuliko ile iliyoitangulia.

Jina lililotangulia maarifa

Neno protini limetufikia kwa njia ya Kiingereza, lakini halikuzaliwa Uingereza. Mwaka 1838 Gerardus Johannes Mulder, mkemia wa Kiholanzi, alilitumia katika maandishi yake juu ya ute wa yai, damu, na vitu vingine vya jamii hiyo. Aliyempendekezea jina hilo ni mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, katika barua ya mwezi Julai mwaka huohuo. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kilicho cha kwanza kwa daraja. Mulder aliamini kwamba vitu hivyo vyote vina kiini kimoja, na kwamba hutofautiana kwa viasi vidogo tu vya salfa na fosforasi. Imani hiyo haikudumu. Justus von Liebig, ambaye hapo mwanzo alikubaliana naye, baadaye akawa mpinzani wake mkubwa. Nadharia ikafa, jina likabaki.

Twaweza kupata funzo hapa. Jina protini lilinusurika kwa sababu halikudai mengi: lilitaja cheo cha kitu, halikutaja muundo wake. Si majina yote yaliyo na bahati hiyo. Neno la Kiingereza linalotumika kwa jambo la yai kubadilika kwa moto, ambalo Kifaransa na Kijerumani wanalo vilevile kwa umbo linalokaribiana, limejengwa juu ya kiini chenye maana ya asili, likatiwa kiambishi cha kuondoa. Maana yake ya juu juu ni kukiondolea kitu asili yake. Lakini asili hiyo ni ipi? Wakati neno hilo lilipoenea hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu.

Hatua mbili badala ya moja

Hatua kubwa ya kwanza ilichukuliwa mjini London. Kuanzia mwaka 1910, Harriette Chick na Charles James Martin wa Taasisi ya Lister walichapisha mfululizo wa makala kuhusu kuganda kwa protini kwa joto. Kabla yao ilizoeleka kusema kwamba kila protini ina kipimo chake cha joto cha kuganda, kama vile kila metali ina kipimo chake cha kuyeyuka. Chick na Martin walionyesha kwamba jambo hili ni mwendo unaochukua muda: joto likizidi, mwendo huharakishwa mno, likipungua, mwendo huwa wa polepole lakini haukomi ghafla.

Muhimu zaidi kwetu ni kwamba walitenganisha hatua mbili. Kwanza, protini hubadilika ikiwa katika maji ya moto. Pili, protini zilizokwisha kubadilika hushikamana na kujitenga na maji, na hapo ndipo jicho huona weupe na ugumu. Hatua ya pili hutegemea kiasi cha asidi na chumvi kilichomo. Katika hali fulani ya asidi, isiyo na chumvi, protini yaweza kupashwa moto na kubadilika, na maji yakabaki maangavu kama awali. Asidi hiyo ikitulizwa baadaye, madonge hutokea bila ya moto mwingine. Kwa hiyo kuganda hutokea mwishoni, na jambo lenyewe limekwisha kutendeka kabla yake.

Mwaka 1914 Percy Williams Bridgman wa Marekani aliongeza ushahidi wa namna nyingine. Alikandamiza ute wa yai kwa shinikizo la maelfu ya angahewa, pasipo kuupasha moto, nao ukaganda ukafanana na ute wa yai lililochemshwa. Tangu hapo haikuwezekana tena kulieleza jambo hili kuwa ni kazi ya moto peke yake. Asidi kali hulifanya, magadi makali hulifanya, pombe, urea nyingi, na metali nzito hulifanya, hata kutikisa na kupiga povu huweza kulifanya, kama ajuavyo kila apigaye mayai ya keki.

Nadharia iliyotoka Peking

Ni nini basi kinachobadilika? Jibu la kwanza lililo sahihi lilitoka China. Hsien Wu, aliyekuwa mwalimu wa biokemia katika Chuo cha Tiba cha Peking, aliandika mwaka 1931 katika jarida la fiziolojia lililochapishwa nchini humo kwamba molekuli ya protini katika hali yake ya kawaida si uzi uliolegea ovyo. Ni mnyororo uliokunjwa na kushikizwa katika umbo lenye utaratibu. Inapopatwa na joto au asidi, mnyororo haukatiki. Utaratibu wa mikunjo ndio unaovunjika, na molekuli hubaki uzi uliofunguka, usio na umbo moja. Sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani hutokea nje, zikakutana na sehemu za molekuli nyingine, zikashikamana. Hivyo ndivyo kuganda hufuata.

Makala hiyo haikusomwa sana Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Ilichapishwa upya mwaka 1995, zaidi ya nusu karne baadaye. Mwaka 1936 Alfred Mirsky na Linus Pauling walitoa nchini Marekani nadharia iliyofanana nayo katika mambo makuu, nao wakaongeza kwamba kinachoshikiza mikunjo ni bondi za haidrojeni, ambazo kila moja ni dhaifu lakini zikiwa nyingi zina nguvu.

Wasomaji wetu watatambua kwamba wataalamu hao, kila walipotaka kueleweka, hawakutegemea neno la kuondoa asili. Walisema juu ya mnyororo, mkunjo, na kufunguka. Dhana ilikuwa imepata sura yake, ingawa jina rasmi lilibaki lilelile la zamani.

Uthabiti ulio mwembamba

Mwaka 1959 Walter Kauzmann aliandika tasnifu ndefu iliyobadili mizani ya hoja. Alionyesha kwamba bondi za haidrojeni peke yake hazitoshi kueleza uthabiti wa protini, kwa kuwa mnyororo uliokunjuka unaweza kufunga bondi za namna hiyo na maji yenyewe. Nguvu kubwa hutokana na zile sehemu za mnyororo zisizopatana na maji, zenye tabia ya mafuta. Kama matone ya mafuta yanavyokusanyika pamoja juu ya mchuzi, ndivyo sehemu hizo zinavyojikusanya ndani ya molekuli, na maji yakabaki nje.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo linalotaka mnyororo ufunguke: uzi uliolegea una namna nyingi sana za kukaa, ilhali uliokunjika una karibu namna moja tu. Kadiri joto linavyoongezeka, upande huu hupata uzito. Protini nyingi hubaki katika mkunjo wao kwa sababu upande wa kwanza unazidi, lakini unazidi kwa kidogo. Kwa kawaida tofauti hiyo ni kilojuli 20 hadi 60 kwa moli, ilhali bondi moja tu kati ya kaboni na kaboni huhitaji karibu kilojuli 350 kuvunjwa. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya hali huweza kuikunjua protini bila kuukata mnyororo wake. Ziko hata protini zinazokunjuka kwa baridi kali, kwa kuwa ile tabia ya sehemu za mafuta kulikimbia maji hupungua nguvu joto linaposhuka sana.

Hapa mfasiri aangalie jambo moja. Uthabiti wa protini si ugumu wake. Ute wa yai lililochemshwa ni mgumu, lakini protini zake zimekwisha kupoteza mkunjo. Ute wa yai bichi ni majimaji, na protini zake zi thabiti. Anayefasiri uthabiti kwa neno ugumu ataigeuza maana ya kitabu juu chini.

Njia ya kurudi

Swali lililosalia lilikuwa: je, protini iliyopoteza mkunjo wake imekwisha? Tangu miaka ya 1920 na 1930 Mirsky na mwenzake Mortimer Anson, pamoja na John Northrop, walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya protini hurudia hali yao. Lakini jaribio lililoliweka jambo hili mahali pa wazi ni lile la Christian Anfinsen na wenzake huko Bethesda, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Walichukua kimeng'enya kiitwacho ribonukliesi, chenye asidi amino 124 na vifungo vinne vya salfa vinavyounganisha sehemu za mnyororo. Walikitia katika urea ya moli 8 kwa lita, wakavifungua vifungo vya salfa kwa kemikali nyingine, nacho kikakunjuka na kupoteza kazi yake yote. Kisha waliiondoa urea na ile kemikali, wakaacha oksijeni ya hewa ifunge vifungo upya. Kimeng'enya kikajikunja chenyewe na kurudia karibu kazi yake yote. Vifungo vinne vyaweza kufungwa kwa namna 105, na kimeng'enya kikachagua ile moja iliyo sahihi. Lakini walipoacha vifungo vifungwe huku urea ingalimo, vilifungwa ovyo, na kazi iliyopatikana ilikuwa karibu sehemu moja tu katika mia. Maana yake ni kwamba maagizo ya mkunjo yamo katika mpangilio wa asidi amino wenyewe. Anfinsen alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972, pamoja na Stanford Moore na William Stein.

Maarifa hayo yamezaa mengine. Imejulikana kwamba ndani ya chembe hai zimo protini ambazo kazi yao ni kuzilinda nyingine zisishikamane kabla ya kumaliza kujikunja. Mwaka 1982 Stanley Prusiner alitangaza kwamba protini iliyokunjika vibaya yaweza kuwa chanzo cha ugonjwa, naye akatunukiwa Nobel mwaka 1997. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Australia walitangaza mtambo uliozirudisha katika mkunjo wao protini za ute wa yai lililochemshwa. Na mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa kazi za kubuni protini mpya na kutabiri kwa kompyuta umbo la protini kutokana na mpangilio wa asidi amino zake. Dhana ya mkunjo sasa ni nguzo ya elimu yote ya viumbe, na lugha isiyo na neno lake itaachwa mlangoni.

Maneno katika mizani

Sasa tuyapime maneno yanayogombea nafasi hii.

La kwanza ni kuganda. Tumekwisha kuona kwamba Chick na Martin walilitenga jambo hili na kuganda. Mifano ya nyumbani yathibitisha vivyo hivyo. Ute wa yai hukunjuka, kisha huganda. Kimeng'enya katika maji yenye asidi chaweza kukunjuka pasipo kuganda. Maziwa yanapogeuka mtindi, asidi ya bakteria huzifanya kaseini zishikamane, lakini kaseini hazikuwa na mkunjo imara wa kupoteza. Hapo pana kuganda bila kukunjuka. Supu ya kongoro nayo ina fundisho lake: joto limezitenganisha nyuzi za kolajeni zilizosokotana, zikayeyuka katika maji, ikipoa supu huganda, ikipashwa moto huwa majimaji tena, jambo ambalo yai haliwezi kulifanya. Neno moja haliwezi kuyabeba yote haya.

La pili ni kuharibika. Neno hili humfanya msikilizaji afikirie uozo na harufu mbaya, tena halina njia ya kurudi. Majaribio ya Anfinsen yamelikataa. Tena nyama iliyochomwa vizuri protini zake zimekunjuka, wala hakuna atakayesema imeharibika.

La tatu ni kumeng'enywa au kuvunjwa. Akina mama wa pwani huipaka nyama ngumu papai bichi ili ilainike. Kinachotendeka hapo ni kwamba kimeng'enya cha papai kinaukata mnyororo wenyewe. Wu alieleza waziwazi kwamba katika jambo tunalolijadili mnyororo haukatwi. Hizi ni dhana mbili, na mwanafunzi akizichanganya hatauelewa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

La nne ni kuondoa asili, yaani kufuata neno la kigeni hatua kwa hatua. Hapa pana hatari mbili. Kwanza, Kiingereza hutumia neno lilelile kwa spiriti iliyotiliwa vitu vya kuifanya isinyweke, na katika spiriti hiyo hakuna molekuli ya pombe iliyobadilika umbo. Pili, neno asili katika Kiswahili lina kazi zake: twasema dawa za asili na mbegu za asili. Msomaji akikuta protini ya asili ataelewa kuwa ni protini ya maharage au ya maziwa isiyotoka kiwandani, ilhali mwandishi alikusudia protini iliyo katika mkunjo wake.

Limebaki kukunjuka. Kiswahili kina utaratibu wake wa kugeuza kitendo: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Hatuhitaji kukopa kiambishi. Tena minyambuliko yake hutofautisha mambo ambayo sayansi inataka yatofautishwe: joto hukunjua, protini hukunjuka. Yapo mapingamizi mawili. Wengine husema kwamba neno hili ni la nguo na mikeka. Twajibu kwamba mnyororo wa protini hukunjwa kweli. Hapa neno halikuazimwa mbali. Wengine wataja uso mkunjufu na moyo mkunjufu, wakasema neno lina sifa njema mno kwa jambo la hasara. Nasi twasema istilahi haina wajibu wa kusikitika. Tena kukunjuka si hasara kila mara, kwa kuwa ndiko kunakofanya yai na nyama viyeyushwe tumboni kwa urahisi zaidi.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo katika vitabu vya sekondari na vyuo:

Mkunjo: umbo lenye utaratibu ambalo mnyororo wa protini hulishika ili ufanye kazi yake.

Kukunjika: kitendo cha mnyororo kuingia katika mkunjo. Kukunjika upya: kurudia mkunjo baada ya kuupoteza.

Kukunjuka: kupoteza mkunjo pasipo mnyororo kukatika. Mkunjuko: nomino yake.

Kikunjuzi, wingi vikunjuzi: kitu kinachosababisha protini kukunjuka, kama vile urea au asidi kali.

Uthabiti wa protini: kiasi ambacho hali ya mkunjo huishinda hali ya mkunjuko.

Kushikamana: kukutana na kung'ang'aniana kwa molekuli. Kuganda: matokeo yake yaonekanayo kwa macho.

Tunaongeza tahadhari kwa wanaofasiri maelezo ya dawa. Mgonjwa na mhudumu wa afya hawahitaji istilahi hizi. Wanahitaji maneno yasiyowapoteza. Insulini ambayo haijaanza kutumiwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Ikipata joto kali, protini yake huweza kupoteza mkunjo au kushikamana, nayo ikapungua nguvu, pengine bila kuonyesha dalili yoyote machoni. Mfasiri akiandika kwamba dawa ikipata joto itaganda, mgonjwa atatazama chupa, ataona maji maangavu, atajidunga kwa imani. Akiandika kwamba itaharibika, atainusa. Yafaa aandike hivi: dawa hii ikipata joto hupoteza nguvu, hata kama sura yake haikubadilika.

Vilevile neno kugandisha litumike kwa barafu peke yake katika maelezo ya namna hiyo. Chanjo zenye chumvi ya alumini, kama ile ya pepopunda, huharibiwa na barafu kwa sababu chembe za alumini hushikamana. Ni dhara jingine kabisa, lisilohusu joto. Onyo la barafu na onyo la joto yaandikwe kwa sentensi mbili, na neno kuganda lisivuke kutoka sentensi moja kwenda nyingine.

Hitimisho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Istilahi nazo ni hivyo: zikiisha kukaukia katika vitabu vya shule, kuzikunja upya ni kazi ya kizazi kizima. Dhana hii ilichukua karibu miaka mia moja tangu Mulder hadi Wu kupata sura yake, na lugha za Ulaya zimebaki na jina lililotangulia sura hiyo. Kiswahili kimeikuta dhana ikiwa imekomaa, na kina vitenzi vyake tayari. Twawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayapime katika miswada yao, kisha watuandikie ni wapi yamewafaa na ni wapi yamewakwaza, ili orodha itakayosanifiwa iwe imetoka katika matumizi.